Huruma ya Kumkalisha Mzee Haitibu Magoti Yake

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, kuanzia vibaraza vya Tanga na Mombasa hadi miteremko ya Kilimanjaro na vilima vya Kisii, mzee anayejikokota kuinuka kitini hupokewa kwa maneno yale yale: kaa, bibi, tulia, sisi tupo. Maneno hayo hutoka katika moyo safi, kwa kuwa kumwacha mtu mzima afagie au achote maji huku vijana wamekaa ni aibu inayosemwa mtaa mzima, na mtoto aliyelelewa vyema hangoji kuagizwa ndipo ampokee mama yake mzigo. Hata hivyo, heshima hiyo inapoelekezwa kwa mtu mwenye maradhi ya viungo, yale ambayo wengi huyaita baridi yabisi, mara nyingi huzidisha maumivu yale yale inayokusudia kuyaondoa, kwa sababu kiungo kisichotumika hukakamaa, misuli inayokishikilia hulegea, na mzee aliyekalishwa kwa huruma mwaka huu huenda mwaka ujao asiweze kuinuka bila kushikwa mkono. Makala haya yanashikilia kwamba familia nyingi zimeugeuza msaada juu chini: zinaondoa mwendo wa mzee na kuviacha vikwazo vya nyumba, kisha zinaongeza vidonge pale ambapo zingeongeza mazoezi na uangalizi.

Maradhi mengi chini ya jina moja

Kosa la kwanza ni kuyachukua maumivu yote ya viungo kuwa ni uzee tu. Yanayowasumbua wazee wengi zaidi ni yale ambayo madaktari huyaita osteoathritisi, yaani kuchakaa kwa kiungo, ambapo gegedu, lile tabaka laini na telezi linalofunika ncha za mifupa inapokutana, hupungua na kukwaruzika, mfupa ulio chini yake huota vinundu pembeni, na utando unaokizunguka kiungo huvimba mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 waliishi na ugonjwa huu, asilimia 73 kati yao wakiwa na umri wa zaidi ya miaka 55 na asilimia 60 wakiwa wanawake, na goti ndilo kiungo kinachoathirika zaidi. Umri una sehemu yake, lakini zipo pia sababu nyingine, zikiwamo uzito mkubwa wa mwili, jeraha la zamani, urithi, na kazi za miaka mingi za kupiga magoti, kuchuchumaa na kubeba mizigo mizito, ambazo ndizo zilizowasomesha watoto wengi wanaowauguza wazazi wao leo.

Athritisi ya rumatoidi ni jambo jingine kabisa. Hapa kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vimelea, huugeukia utando wa viungo na kuushambulia, hasa vidole na vifundo vya mikono yote miwili, na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Ugonjwa huu una dawa maalumu zinazouzuia usile viungo, na kila mwezi unaopita bila dawa hizo unaweza kuacha ulemavu usiorudi nyuma. Jongo nalo hutokana na chembe za asidi ya yuriki zinazojikusanya ndani ya kiungo, mara nyingi dole gumba la mguu, likazuka usiku ghafla kwa maumivu makali kiasi kwamba hata shuka haliguswi, na baadhi ya dawa za presha zinazoongeza mkojo huweza kulichochea. Tena pwani haina budi kukumbuka homa ya chikungunya, iliyotambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika, katika uwanda wa Wamakonde, mwaka 1952, na iliyoikumba Lamu na Mombasa mwaka 2004, kwani maumivu ya viungo inayoyaacha huweza kudumu miezi mingi, na kwa wengine miaka, baada ya homa yenyewe kusahaulika.

Tofauti hizi zina maana kubwa nyumbani, kwa sababu shahidi wa kwanza wa ugonjwa ni yule anayelala chumba cha jirani. Mzee ambaye viungo vyake hukakamaa asubuhi kwa chini ya nusu saa kisha vikalegea anaelekea kwenye uchakavu wa kawaida. Yule anayeshindwa kukunja ngumi kwa saa nzima au zaidi, vidole vikiwa vimevimba pande zote mbili, anahitaji kupimwa rumatoidi bila kungoja. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chekundu na cha moto, kikiambatana na homa, ni cha kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda kimeingiwa na vijidudu. Wazee wenyewe hawatayasema haya upesi, kwa kuwa wengi wamezoea kuvumilia na hawataki kuwa mzigo, na wahenga waliona mbali waliposema mficha maradhi kilio humfichua. Swali la "unaumwa, bibi?" hujibiwa "sijambo, mwanangu" karibu kila mara. Lenye faida ni la kuuliza asubuhi hiyo ameweza kufunga kanga mwenyewe au amesaidiwa.

Choo, kigoda na kitanda

Hakuna sehemu ya nyumba inayomtesa mwenye magoti mabovu kuliko choo cha kuchuchumaa, na hakuna inayozungumzwa kidogo kuliko hiyo. Kuchuchumaa hukunja goti hadi mwisho wake na kulitwisha karibu uzito wote wa mwili, kisha kuinuka hudai nguvu za mapaja ambazo mzee hana tena, akiwa peke yake, mara nyingi gizani, sakafu ikiwa imelowa na ukuta hauna pa kushika. Kwa kuiogopa safari hiyo, wako wazee wanaojinyima maji tangu alasiri ili wasiamke usiku, na familia haijui, kwa sababu ni jambo la siri. Sasa aangaliwe mzee huyo huyo akimeza diklofenaki kwa ajili ya magoti pamoja na dawa zake za presha: mwili mkavu, dawa ya maumivu inayopunguza damu iendayo kwenye figo, na dawa ya presha inayoongeza mkojo hukutana ndani ya mtu mmoja, na figo huweza kuharibika kwa sababu iliyoanzia kwenye tundu la choo. Je, ni nani angefikiri kwamba seremala anaweza kuziokoa figo?

Naye anaweza. Kiti cha mbao chenye tundu katikati, kilichopimwa kikae sawasawa juu ya shimo, chenye mikono miwili ya kushikia na miguu mipana isiyoyumba, hutengenezwa na fundi yeyote wa mtaani kwa siku moja, na kikipakwa rangi ya mafuta huoshwa kama chombo kingine. Bomba la chuma lililopachikwa ukutani kwa usawa wa kiuno, taa ndogo ya sola njiani, na kizingiti kilichosawazishwa ni kazi ya wikiendi moja ya wanaume wa nyumba. Inasikitisha kwamba katika familia nyingi kikao cha kuchangia harusi huitishwa kwa urahisi, ilhali kikao cha choo cha mama hakijawahi kuitishwa.

Jikoni nako kuna lake. Kigoda na mbuzi ya kukunia nazi humweka mwanamke karibu kabisa na ardhi, na jiko la mkaa likiwa sakafuni humlazimisha kuinama na kuinuka mara nyingi kabla ya wali kuiva. Wengi hulitatua hili kwa kumwondoa bibi jikoni, na hapo ndipo huruma inapokosea, kwa maana anayeondolewa jikoni huondolewa pia kwenye mazungumzo, kwenye uamuzi wa chakula na kwenye mwendo wa kutwa nzima. Jiko likiinuliwa juu ya meza imara ya matofali, mbuzi ikifungwa kwenye benchi refu, na vipini vya kisu na mwiko vikizungushiwa kitambaa au mpira wa baiskeli ili vinenepe na visihitaji kubanwa kwa nguvu, bibi hubaki na kazi yake na vidole vyake hupata nafuu. Vyombo vizito kama ndoo, kinu na sufuria la shughuli ndivyo vya kupokelewa na vijana, pasipo mjadala.

Kitanda kinapaswa kuwa na kimo kinachowezesha nyayo kukaa sakafuni huku magoti yakiwa yamekunjwa pembe mraba au yamenyooka kidogo zaidi ya hapo. Kilicho chini kuliko hivyo huinuliwa kwa vipande vya mbao vilivyochongwa tundu ili miguu ya kitanda isiteleze. Mkongojo nao hushikwa vibaya na wengi: anayeumwa goti la kulia hana budi kuushika kwa mkono wa kushoto, ili uzito uhamie upande mzima anapokanyaga, na kichwa cha mkongojo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono wakati mkono umening'inia. Kuhusu ibada, Uislamu umempa ruhusa mgonjwa asiyeweza kusimama au kusujudu aswali akiwa ameketi, kwa hiyo kiti kilichowekwa msikitini au pembeni mwa mkeka hakimpunguzii mzee chochote, na kijana anayekiandaa kabla ya adhana anamwondolea aibu ya kukiomba.

Mwendo ulio na kipimo

Dai kwamba goti linalouma litembezwe huwaudhi wengi, na si ajabu, maana akili ya kawaida husema kilichochakaa kisitumike. Lakini kiungo kina namna yake ya kuishi: gegedu halina mishipa ya damu ndani yake, hivyo hupata lishe kutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka kadiri kiungo kinavyokandamizwa na kuachiwa, yaani kwa mwendo. Zaidi ya hayo, msuli mkubwa wa mbele ya paja ndio unaopokea mshtuko wa kila hatua kabla haujafika gotini, na msuli huo hunywea upesi sana kwa mtu anayekaa. Kwa sababu hizo, miongozo ya tiba ya osteoathritisi katika nchi mbalimbali huweka mazoezi na kupunguza uzito mbele ya dawa.

Zoezi lenye manufaa makubwa halihitaji kifaa. Mzee huketi kwenye kiti imara, akanyoosha mguu mmoja mbele hadi goti linyooke kabisa, akaubana msuli wa paja na kuushikilia kwa muda wa kuhesabu hadi tano, akaushusha taratibu, kisha akarudia mara kumi kwa kila mguu, asubuhi na jioni. Jingine ni kuinuka kitini na kuketi tena bila kujitupa, mikono ikisaidia mwanzoni na kuachiwa kadiri nguvu zinavyorudi. Kutembea kwenye ardhi tambarare, kwa viatu vinavyoshika kisigino na si kandambili zinazoburuzwa, huanza kwa dakika chache na kuongezwa polepole. Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayamaanishi kwamba kiungo kinaharibika. Kipimo kinachofaa ni kwamba yakitulia na kurudi hali ya kawaida kufikia siku ya pili, zoezi lilikuwa la kiasi, na yakizidi au kiungo kikivimba, zoezi lipunguzwe bila kuachwa. Utafiti uliofanywa Marekani kwa wazee wenye uzito mkubwa na magoti mabovu, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kila kilo moja iliyopungua mwilini ilipunguza mzigo wa takriban kilo nne juu ya goti kwa kila hatua, na jambo hili lapasa kukumbukwa na watoto wanaoonyesha mapenzi kwa kreti ya soda na mikate ya sukari kila wanapokuja kuwasalimu wazazi.

Ugumu wenyewe uko kwingine. Mzee anayeagizwa afanye mazoezi peke yake huyafanya juma la kwanza na kuyaacha la pili. Anayepata mjukuu wa kuhesabu naye, au mwenziwe wa kwenda naye hadi kanisani au barazani na kurudi, huendelea, kwa sababu amepata sababu ya kuinuka. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ni kweli kwamba anayetazama kutoka pembeni huona hatua mia moja kuwa jambo dogo. Lakini akitembea sambamba na mzee kwa mwendo wa mzee mwenyewe, huujua uzito wake na huacha kumhimiza kwa ukali.

Kukanda kwa maji ya moto, ambako mabibi walikujua kabla ya hospitali kufika, kuna nafasi yake ya heshima hapa, kwani joto hulegeza misuli na kuufanya mwendo wa asubuhi uwe mwepesi, wakati kiungo kilichovimba na chenye moto hupendelea kitambaa cha maji baridi. Wenye kisukari waliopoteza hisia miguuni wapimiwe maji na mtu mwingine, maana huungua bila kujua.

Vidonge vinavyonunuliwa kwa pesa ya simu

Mtoto aliye Dar es Salaam, Nairobi au Muscat akisikia mama anaumwa hutuma pesa, na pesa hiyo huishia duka la dawa la karibu, ambako diklofenaki au ibuprofeni hupatikana bila swali lolote. Dawa hizi za kundi la kupunguza uvimbe husaidia kweli, lakini kwa mzee huweza kutoboa vidonda vya tumbo pasipo dalili ya mapema, kupandisha presha, kudhuru moyo na kuumiza figo, ndiyo maana huhitaji kipimo kidogo iwezekanavyo, muda mfupi, na chakula tumboni, jambo la kuangaliwa zaidi mwezi wa Ramadhani. Diklofenaki ya kupaka kwenye goti au vidole huleta nafuu huku kiasi kidogo tu kikiingia kwenye damu, kwa hiyo kwa mzee mwenye presha ingefaa itangulie kidonge. Parasetamoli haina nguvu kubwa dhidi ya kiungo kilichochakaa, ingawa ni salama zaidi kwa tumbo. Mpaka wake kwa mtu mzima ni vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24, na kwa mzee aliyekonda au mwenye ini bovu ni chini ya hapo. Anayetibiwa rumatoidi kwa methotreksati huimeza mara moja kwa juma, na kuimeza kila siku kwa kukosea kumewahi kuua, hivyo siku ya dawa iandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

Hatari kubwa kuliko zote imo katika dawa isiyo na jina, ile chupa au pakiti inayosifiwa kwamba mzee aliinywa jioni na kesho yake akaenda shamba. Dawa ya mimea mara chache hufanya hivyo, steroidi hufanya. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya vidonge vya Artri King, vilivyouzwa kama kirutubisho cha viungo, baada ya maabara kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni zisizotajwa kwenye lebo. Deksamethasoni ni steroidi yenye nguvu ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu huufanya uso uvimbe na kuwa wa mviringo, hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kuuzoeza mwili usitengeneze homoni yake wenyewe, kiasi kwamba mzee akiiacha ghafla huweza kuzimia na hata kufa. Kwa hiyo familia inayogundua dawa ya namna hiyo isiitupe chooni kwa hasira. Iipeleke pamoja na mzee kwa daktari, naye atapanga namna ya kuipunguza. Na kabla ya kununua, iulizwe kama imesajiliwa: Tanzania Bara kuna Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na Kenya kuna Bodi ya Famasia na Sumu.

Mtoto wa mbali anaweza kutuma kitu chenye thamani kuliko pesa ya dawa, nacho ni saa moja ya simu ya video, ambamo kila pakiti iliyo chini ya mto wa mama huonyeshwa na kuandikwa jina, kipimo na sababu yake, kisha orodha hiyo ikafika mikononi mwa daktari.

Anayebeba yote haya

Katika mazungumzo ya ukoo husemwa "familia inamwangalia mama", lakini familia hiyo mara nyingi ni mtu mmoja: binti asiyeolewa, mkwe, au mjukuu wa kike anayechelewa shule kwa sababu bibi hawezi kuvaa bila msaada. Kama wana watano wanachangia pesa na mmoja anachangia usiku wake, mchango huo haujagawanywa kwa haki. Siku za mapumziko za mwangalizi zipangwe na kuheshimiwa, na wanaume wa nyumba wajifunze kukanda goti.

Dirisha la wazee

Serikali nazo zina deni. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wenye miaka 60 na zaidi wasiojiweza, Zanzibar ikaanzisha pensheni jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi mwaka 2016, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na Kenya hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa umri huo kupitia mpango wa Inua Jamii. Hizi ni hatua za kusifiwa, na upasuaji wa kubadilisha goti au nyonga, ambao ni wa wale waliofikia mwisho wa njia nyingine, hufanyika nchini Tanzania katika vituo kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Lakini kati ya pakiti ya vidonge na chumba cha upasuaji kuna pengo kubwa, nalo ni la wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba kwa mazoezi, ambao wamejikusanya kwenye hospitali kubwa za mijini, mbali na magoti yaliyochakaa mashambani.

Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kungoja wataalamu wapya wahitimu. Hospitali na vituo vingi vya afya vya Tanzania vimeshatenga dirisha la wazee, na mbele ya dirisha hilo kuna benchi ambalo wazee na waliowasindikiza hukaa muda mrefu wakingoja kuitwa. Muuguzi au mhudumu wa afya wa jamii aliyefundishwa mazoezi mawili ya paja, ushikaji wa mkongojo na maswali ya kutenganisha uchakavu na rumatoidi anaweza kuyafundisha hapo hapo kila asubuhi ya kliniki, wazee wakiyafanya wakiwa wameketi na wajukuu wakihesabu. Vipimo vya kiti cha choo vikibandikwa ukutani pembeni mwa dirisha, urefu, upana na ukubwa wa tundu, kila mjukuu atarudi nyumbani na karatasi ya kumpelekea seremala.